Namna ya kuchagua spika za boksi dogo la mezani kwa fedha kidogo

Na Mwandishi Wetu

KUTENGENEZA boksi mbili ndogo za spika za mezani, za kusikilizia muziki au taarifa ya habari kutoka kwenye kompyuta au simu, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye msumeno, gundi na uvumilivu.

Hata hivyo, wengi wanaoianza kazi hiyo hupoteza fedha zao kabla ya kukata ubao wa kwanza, kwa sababu huchagua spika kwa kutazama ukubwa wa sumaku na idadi ya wati zilizoandikwa nyuma yake.

Katika makala haya, neno spika linamaanisha kile kifaa cha duara chenye sumaku, koili na koni, kinachofungwa kwenye tundu la boksi. Muundo wake wa msingi ni ule ulioelezwa nchini Marekani mwaka 1925 na wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg: umeme hupita katika koili iliyo ndani ya uga wa sumaku, koili husukuma koni, na koni husukuma hewa.

Kifaa hicho ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya ubora wa sauti. Ukikosea kukichagua, boksi zuri au amplifaya ya bei kubwa havitakuokoa.

Wati si kipimo cha sauti

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Spika nyingi za bei nafuu hujitembeza kwa tarakimu kubwa za wati, hasa zile zinazofuatwa na herufi PMPO. Tarakimu hizo hazina kanuni moja ya upimaji inayokubalika, hivyo haziwezi kutumika kulinganisha spika moja na nyingine.

Hata wati zilizopimwa kwa uaminifu hueleza tu kiasi cha umeme ambacho spika inaweza kuhimili bila kuungua. Hazielezi sauti itatoka kwa kiasi gani.

Kinacholeza hilo ni desibeli zinazopatikana kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 88 hutoa kwa wati 1 sauti ileile ambayo spika ya desibeli 82 huitoa kwa wati 4. Kwa mwenye amplifaya ndogo, tofauti hiyo ni kubwa.

Msikilizaji wa mezani hukaa chini ya mita 1 kutoka kwenye spika zake. Kwa umbali huo, wati 2 au 3 halisi kwa kila upande zinatosha kabisa.

Inchi 3 au 4, moja kila upande

Wapo wanaoamini kwamba boksi zuri lazima liwe na spika mbili au tatu: moja ya besi, nyingine ya sauti nyembamba iitwayo twita. Kwa bajeti ndogo, imani hiyo ni mtego.

Spika mbili katika boksi moja huhitaji saketi ya kuzigawia sauti, na saketi hiyo huhitaji vipimo na vipuri vya gharama. Isitoshe, mtu akikaa karibu sana, sauti za spika hizo mbili huwa hazijaungana vizuri zinapomfikia.

Njia nyepesi ni kununua spika moja ya sauti zote, ya inchi 3 au 4, kwa kila upande. Sauti yote hutoka sehemu moja, na maneno ya mwimbaji husikika waziwazi.

Anayechagua ndogo zaidi ya hapo ajue kwamba atapungukiwa na besi. Kila masafa yanaposhuka kwa nusu, mathalani kutoka hezi 200 hadi hezi 100, koni hulazimika kutembea mara 4 zaidi ili kutoa sauti ya kiwango kilekile. Koni ndogo haina nafasi hiyo.

Omu zilingane na amplifaya

Spika nyingi za kundi hili ni za omu 4 au omu 8. Zile za magari kwa kawaida ni za omu 4.

Amplifaya ndogo zinazotumia umeme wa volti 5 kutoka kwenye USB hutoa nguvu kubwa zaidi zinapofungwa spika za omu 4, takriban mara mbili ya zile za omu 8. Lakini amplifaya iliyoandikwa kwamba inahitaji omu 8 isifungwe spika za omu 4, kwani inaweza kupata joto na kuungua.

Kama maandishi yamefutika, pima kwa mita ya fundi. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4, na ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7 hivi.

Vipimo vitatu vya boksi

Spika inayouzwa na karatasi ya vipimo huwa na alama tatu za kuzingatia: Fs, Qts na Vas. Vipimo hivyo vinatokana na kazi ya Neville Thiele, iliyochapishwa Australia mwaka 1961, na ya Richard Small katika miaka ya 1970.

Fs ni masafa ambayo koni hupenda kutetemeka yenyewe. Qts huonyesha jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa ukingo unaoishikilia koni.

Chukua mfano wa spika yenye Fs ya hezi 100, Qts ya 0.5 na Vas ya lita 2. Ikifungwa ndani ya boksi la lita 2 lililozibwa pande zote, Qts hupanda hadi takriban 0.7 na masafa hupanda hadi hezi 141. Thamani ya 0.7 ndiyo inayolengwa: besi haivimbi wala haikatiki ghafla.

Boksi hilo ni dogo tu, lenye nafasi ya ndani ya sentimita 10 kwa 12.5 kwa 16.

Jambo la kukumbuka ni kwamba boksi lililozibwa hupandisha Qts, halishushi kamwe. Spika yenye Qts ya 0.9 itavuma ndani ya boksi la aina hiyo, hata fundi awe hodari namna gani. Yenye Qts chini ya 0.4 hufaa zaidi boksi lenye tundu la kutolea hewa.

Ukubwa wa sumaku kwa macho hauelezi hayo, kwa kuwa sumaku za neodimia ni ndogo lakini zina nguvu nyingi.

Spika zilizotumika

Katika maduka na meza za mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, zipo spika zilizotolewa katika redio na televisheni za zamani. Baadhi ni nzuri, ila huuzwa bila karatasi ya vipimo.

Kabla ya kulipa, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Kagua pia ukingo. Wa sponji huoza na kukatika kwa umri.

Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya ulioguswa na upande wa chanya ndio chanya wa spika; uwekee alama. Spika mbili zikifungwa kinyume, besi hupotea.

Nunua mbili za aina moja. Wala usifungue televisheni ya kioo kinene mwenyewe, kwa sababu huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Mwachie fundi.

Kwa mwenye fedha kidogo, ni busara kutenga nusu ya bajeti kwa spika, na inayobaki igawanywe kwa amplifaya, ubao na waya. Amplifaya na boksi vinaweza kubadilishwa baadaye, lakini vyote hivyo huchaguliwa kwa kufuata spika.