Shauri Moyo na Kazi ya Kutunza Joto

Ukiteremka Kamukunji, Nairobi, kwa upande wa Shauri Moyo, nyundo hukulaki kabla hujamwona fundi. Mabati ya mapipa makuukuu yanakatwa, yanakunjwa na kupigwa hadi yawe makarai, masanduku na majiko. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa bila paa, na ndipo mafundi wakaitwa jua kali. Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, akaahidi vibanda vya kuwakinga. Vibanda vilijengwa, na jina la jua kali likabaki.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Husimuliwa kwamba lililetwa na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Makaa yakikolea, joto jingi lilipotelea ubavuni, na sufuria ikaambulia kidogo. Mama wa mtaa wa Bahati au Kaloleni aliyenunua makaa kwa mkebe alikuwa akilipia joto la kupasha hewa ya uani.

Mwaka 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Wizara ya Nishati, kwa ufadhili wa Marekani, ikaanzisha mradi wa kutafuta jiko bora. Wabunifu, miongoni mwao msanii Maxwell Kinyanjui, walitazama jiko la ndoo la Thailand, kisha wakalichonga upya kwa mapishi ya hapa: kiuno chembamba, kitako kipana kisichoyumba ugali ukisongwa, na udongo uliochomwa katika nusu ya juu tu.

Udongo ndio siri yake. Hauruhusu joto kupenya haraka, na ukishashika moto huendelea kuirudishia sufuria joto hata makaa yakianza kuvaa majivu. Watafiti wamekadiria kuwa jiko hili hupunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50.

Halikufungiwa kiwandani. Mfinyanzi alitengeneza udongo, fundi wa bati akaunda mwili, mchuuzi akauza. Baadhi ya majiko ya mwanzo yalipasuka, na mafundi wakajifunza kuunganisha vyema udongo na bati. Leo jamaa za jiko hilo wanapika Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia.

Udongo hutunza joto kwa kupata moto. Iko njia nyingine: kuyeyuka. Kila aliyechota mafuta ya Kimbo yaliyoganda asubuhi ya baridi ya Julai na kuyatazama yakilegea sufuriani ameiona njia hiyo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu hula joto linaloweza kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80, na joto hilo hutoka tena maji yakiganda.

Mwanasayansi Mária Telkes, mzaliwa wa Hungaria, aliijaribu njia hiyo mwaka 1948 huko Dover, Massachusetts. Katika nyumba iliyobuniwa na Eleanor Raymond, joto la jua lilihifadhiwa kwenye chumvi ya Glauber, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Baada ya misimu michache ya baridi chumvi ilijitenga matabaka, na mtambo ukashindwa.

Katika kuzalisha umeme wa jua, kituo cha Noor III cha Ouarzazate, Moroko, huhifadhi joto katika chumvi ya majimaji, na mitambo huweza kuzunguka kwa takriban saa saba baada ya jua kuzama. Chumvi hiyo haigandi kazini. Ile ya kuyeyuka na kuganda ingebeba joto zaidi katika tangi dogo, ila ikiganda hujenga gamba juu ya mabomba na kuzuia joto lisitoke.

Kenya ina kituo cha sola cha Garissa, megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Paneli zake hunyamaza jua likitua, saa ambayo taa katika mitaa ya Umoja na Kayole zinawashwa na nyumba nyingi kuanza kupika. Saa hiyo, uani Shauri Moyo, makaa yamekwisha kufifia na maharagwe bado yanatokota taratibu juu ya udongo.