Tukirudi Pangani, Tupande na Mto

Ndugu wana-Pangani, mlioko Tanga, Dar es Salaam, Unguja na kwingineko,

Kamati ya ziara ilipokaa kupanga safari ya mwaka huu ya kuwapeleka watoto wetu nyumbani, kilichotuchukulia muda hakikuwa basi wala chakula. Kilikuwa mashua. Tuliweka kwenye bajeti fedha za kukodi mashua ya kupanda mto kwa nusu siku. Baadhi ya wajumbe wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini tulipe fedha nyingi hivyo watoto wakatazame mikoko na minazi, ilhali Boma liko pale mjini na kulitazama hakuna nauli. Sisi tunaoshika hesabu tukaombwa tulikate fungu hilo. Hatukulikata, na nafasi hii tumeiomba ili tueleze sababu.

Historia tunayopenda kuisimulia ni ile ya 1888. Mwezi Aprili mwaka ule Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani ya Mrima. Agosti, wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, akafika Pangani kupandisha bendera. Katika siku zile zile za Idi ya kuchinja aliingia msikitini na askari akimtafuta liwali, mbwa wake naye nyuma. Mji ukachemka. Septemba mawakala wa kampuni walikuwa wamefungiwa ndani ya nyumba yao wenyewe, na moto ukaenea pwani nzima. Abushiri bin Salim akawa jina la vita ile. Wissmann aliurudisha mji mikononi mwa Wajerumani Julai 1889, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani. Zelewski naye aliuawa na Wahehe kule Lugalo, Agosti 1891. Watoto hupenda sana sehemu hiyo ya mwisho, nasi hatuwazuii.

Lakini mtoto mmoja mwenye akili atauliza: huyo Abushiri, kabla ya vita, alikuwa akifanya kazi gani? Jibu ni kwamba alikuwa na shamba la miwa, na miwa yake ililimwa na watumwa.

Hapo ndipo mashua inapohitajika, maana mashamba yalikuwa juu mtoni. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa na mapato ya namna mbili. Ya kwanza tunayataja kwa fahari: misafara iliyoteremka kutoka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai na pembe za ndovu. Ya pili hatuyataji: sukari guru na asali ya miwa, iliyopakiwa majahazini kwenda Unguja na mbele zaidi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, lakini marufuku hayo hayakumfungua mtumwa aliyekwisha kuwapo shambani. Mwaka huo huo watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, na wako waliokimbilia porini wakajenga vijiji vyao vya watoro. Uasi huo ulitangulia ule wa Abushiri kwa miaka 15, na hakuna mtoto wetu aliyepata kufundishwa.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye tunamheshimu kama baba, alitusihi tusifukue. Alisema tumekaa pamoja, tumeoana, tumezikana. Ya nini leo kuulizana nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa? Maneno yake si mepesi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Kwa wengi wetu huo ni wakati wa bibi yake mama, mtu ambaye wakubwa wetu walimwona kwa macho. Katika chama hiki tumo wajukuu wa wenye mashamba, tumo wajukuu wa waliokata miwa, na wengi tunabeba damu zote mbili. Tunayajua mambo haya kwa minong'ono, mara nyingi posa ikija. Tulichomjibu mzee ni kwamba minong'ono hiyo ndiyo inayoumiza, na kwamba hatutamtaja mtu wala ukoo. Tutawaonyesha watoto mahali na kuwaambia kazi iliyofanyika pale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema naye atapanda mashua. Hatujui kama alikubali au anataka kutusimamia.

Yaliyobaki ya safari ni mepesi. Tutawaeleza kwa nini mji wetu ulipitwa: mlango wa mto una fungu la mchanga na meli kubwa haziingii, lakini Tanga ina bandari ya kina, na reli iliyoanzwa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911, ikachukua mizigo ambayo zamani ingeshuka kwetu. Mwaka huo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, wilayani kwetu. Mhasibu yeyote angeuandika mzigo ule kuwa hasara. Kutoka miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani.

Kisiwa cha Maziwe nacho kimo kwenye ratiba. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo tarehe ya safari haikuchaguliwa na mwenyekiti, imechaguliwa na mwezi: tunataka bamvua, maji yakauke vizuri.

Michango yenu mwaka huu inakwenda kwenye mafungu yaliyoorodheshwa mwisho wa kijarida hiki, na fungu la mashua ni mojawapo. Atakayeona halifai alipie fungu jingine, tutampa stakabadhi vile vile. Mwenye kukumbuka jina la shamba, la kisima au la njia ya zamani huko juu mtoni, aje nalo au amtume kijana aliandike, maana waliobaki wanaoyajua wanahesabika. Mashua haichukui wote kwa mara moja, tutakwenda kwa makundi. Kundi la kwanza litaondoka gatini maji yakianza kujaa. Kupanda mto maji yakitoka ni kuchoma mafuta bure, na mafuta ni fedha zenu.