Nasaba za Waafrika nchini Qatar

Nasaba za Waafrika nchini Qatar ni utafiti wa asili ya koo zilizotokana na Waafrika, hasa wa Afrika Mashariki, waliopelekwa Ghuba wakiwa watumwa. Wengi walisafirishwa kwa majahazi, baadhi kupitia Zanzibar na bandari za Oman, wakatumikishwa majumbani na katika kupiga mbizi kutafuta lulu. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952.

Chanzo chenye manufaa zaidi ni maelezo ya watumwa walioomba hati za uhuru kwa maofisa wa Uingereza huko Bushehr, Bahrain na Sharjah. Mwombaji alitaja jina, kwao, namna alivyotekwa na mabwana waliommiliki. Nyaraka hizo zimehifadhiwa London. Nyingi husomeka katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014. Zisomwe kwa tahadhari: umri ulikisiwa, majina yalibadilishwa, na maneno ya mwombaji yalipita kwa karani. Aidha, walioachwa huru mara nyingi walichukua jina la kabila la bwana, hivyo jina la ukoo peke yake si ushahidi wa damu.

Jijini Doha, historia hiyo ya utumwa huonyeshwa katika Nyumba ya Bin Jelmood, mojawapo ya makumbusho manne ya mtaa wa Msheireb.