Mlinzi Aliyemwua Mfalme: Kiapo na Historia katika Game of Thrones

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mlinzi na mtawala katika Game of Thrones, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa baina ya 2011 na 2019, na ambayo chimbuko lake ni riwaya za George R. R. Martin. Tunadai kwamba fantasia hii imejengwa juu ya tatizo la kihistoria: amlindaye mtawala ndiye awezaye kumwua kwa wepesi zaidi. Wahenga walikwisha kuonya kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Kielelezo mashuhuri ni kikosi cha Praetoria cha Roma. Mwaka 41 B.K., Cassius Chaerea, ofisa wa kikosi hicho, alishiriki kumwua Kaisari Caligula. Walinzi wakamtawaza Claudius, naye Claudius akaamuru Chaerea auawe. Mwaka 193 walinzi hao walimwua Pertinax, kisha wakakinadi kiti cha enzi. Aliyekinunua ni Didius Julianus. Constantine alikivunja kikosi hicho mwaka 312.

Walinzi saba wa Martin wamebuniwa kana kwamba ili kuziba mwanya huo. Huapa kumlinda mfalme maisha yao yote. Hawaoi wala hawamiliki ardhi. Asiye na cha kurithisha hanunuliki. Hata hivyo, Jaime Lannister anamwua Mfalme Aerys. Sababu yake inafichwa hadi msimu wa 3 (2013): mfalme aliamuru mji mkuu uteketezwe pamoja na wakazi wake, na Jaime alete kichwa cha baba yake mzazi. Kwa ucheleweshaji huu, mtazamaji humlaani Jaime kwanza, sawa na wanabaraza, kisha hulazimika kuipima upya hukumu yake.

Suetonius, kwa upande wake, anakihusisha kitendo cha Chaerea na dhihaka za Caligula, aliyempa matusi kuwa maneno ya siri ya zamu. Historia hiyo inatupa kisasi. Tamthilia inatupa viapo vinavyogongana. Mfalme mpya, Robert, anamsamehe Jaime, lakini jina la Mwuaji-wa-Mfalme linabaki. Naye Varys, towashi na mkuu wa majasusi, anayedai kuitumikia dola badala ya mtu, anaishia kuchomwa moto.

Hivyo basi, kiapo cha ikulu hukilinda kiti, si raia. Mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyefaidika na kifo cha mfalme kabla ya kulikubali jina alilopachikwa mwuaji.