Chuo Kilichozaliwa Wodini

Asubuhi na mapema pale Upanga, Dar es Salaam, vijana wenye makoti meupe hupanda ngazi za wodi, stetoskopu shingoni, daftari mfukoni. Muda si mrefu daktari bingwa atasimama kando ya kitanda na kumuuliza mmojawao mgonjwa ameamkaje. Hapo hakuna kitabu cha kufunua.

Udaktari hufundishwa kwa mgonjwa. Ndiyo maana huwezi kusimulia habari za Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, ukaiacha hospitali kando. Viwili hivi vimeoana, vikaachana, na mpaka leo havijaacha kutafutana.

Kwa umri, hospitali ndiyo kubwa. Enzi za Wajerumani kulikuwa na Hospitali ya Sewa Haji, iliyobeba jina la mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo. Mwaka 1956 Waingereza wakafungua Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Lakini majengo hayatibu mtu. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakoloni waliiachia nchi madaktari 12 tu. Aliyetaka kusomea kazi hiyo alifunga safari ya Makerere, Uganda.

Mwaka 1963 Wizara ya Afya ikaanzisha Shule ya Tiba ya Dar es Salaam. Miaka mitano baadaye ikawa kitivo cha chuo kikuu.

Uamuzi mkubwa ulikuja 1976: kitivo na hospitali vikaunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Anayefundisha na anayetibu wakawa nyumba moja, na huo ulikuwa mpango wa busara kwa nchi yenye walimu wachache. Mwaka 1991 kitivo kikapanda kuwa chuo kikuu kishiriki. Sheria ya 2000 ikaivunja ndoa; hospitali ikaenda njia yake, na 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili.

Kilipata hadhi, hakikupata vitanda. Jibu likatafutwa Mloganzila, pembezoni mwa jiji upande wa Barabara ya Morogoro, ambako chuo kina ekari zipatazo 3,800. Kwa mkopo wa Korea Kusini ikajengwa hospitali ya vitanda 571, ikazinduliwa Novemba 2017. Haikumaliza mwaka mikononi mwa chuo: Oktoba 2018 uendeshaji wake ulihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kwa waliongoja hospitali ya kufundishia miaka yote hiyo, lile lilikuwa pigo, hata kama milango ya wodi haikufungwa kwa wanafunzi.

Sasa chuo kinaelekea Kigoma, ambako kampasi mpya imo katika HEET, mradi wa elimu ya juu unaogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Huko wagonjwa wametangulia: Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, imekuwa ikiwapokea kwa miaka mingi, kutoka mjini na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika.