Kipuri mbadala si kipuri ghushi

Ukienda kutafuta cheni ya pikipiki Ruring'u, au kwenye duka lolote la spea mjini Nyeri, swali la kwanza ni kama unataka orijino au "hii ingine". Orijino inaeleweka: ni ile iliyo ndani ya boksi lenye jina la waliounda pikipiki. Tatizo liko kwenye hiyo "ingine". Humo imo cheni ya kiwanda chenye sifa dunia nzima, na imo pia cheni iliyogongwa chapa ya wizi. Kwa kuwa zote mbili hazikutoka kwa waliounda pikipiki, zinabeba jina moja, na mteja akikasirika zote huwa feki. Mwendeshaji wa bodaboda anayelisha nyumba yake kwa cheni hiyo anastahili lugha iliyo wazi kuliko hapo.

Istilahi ninayoitetea ni kipuri mbadala. Ni kipuri kilichotengenezwa na kiwanda kisicho kile cha chombo chenyewe, kikauzwa waziwazi kwa jina la kiwanda hicho kingine, ili kikae mahali pa kile kilichokuja na chombo. Neno linalobeba maana hapa ni "waziwazi". Kipuri ghushi huvaa jina lisilo lake. Sheria ya Kenya ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inamwandama mwizi wa jina. Haimkatazi mtu kufua cheni yake na kuiuza kwa chapa yake mwenyewe.

Upande wa pili wa mbadala wengi huweka "halisi". Mimi silipendi neno hilo, kwa sababu linaifanya mbadala ionekane kama kitu cha uongo, na kwa sababu viwanda vingi vya pikipiki havifui cheni kabisa. Kampuni ya Daido Kogyo ya Japani, iliyoanza mwaka 1933 na inayojulikana kwa chapa ya DID, huviuzia viwanda vya pikipiki cheni, kisha huuza nyingine madukani kwa jina lake. Nchini India, kampuni ya L.G. Balakrishnan ya Coimbatore, yenye chapa ya Rolon, hufanya vivyo hivyo. Basi mikono ile ile inaweza kutoa cheni mbili, moja iingie boksi la muunda pikipiki na nyingine ibaki na jina la mfuaji. Ipi halisi? Zote. Kinachozitofautisha ni idhini ya muunda pikipiki. Kwa hiyo afadhali tuseme kipuri cha asili, yaani kile ambacho chombo kilizaliwa nacho, tusimhukumu mwenzake kabla ya kumpima.

Kupima kunahitaji maneno yake. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi na giaboksi, ikafika kwenye sproketi ndogo ya mbele, ikavutwa na cheni hadi sproketi kubwa ya gurudumu la nyuma. Msururu huo wote nauita mfumo wa kupeleka nguvu. Vitabu hupenda kuandika "mnyororo", lakini mnyororo ni wa mfungwa na wa mbwa pia. Fundi anasema cheni, na cheni ibaki. Ni ile yenye pini, bushi na rola, aliyoibuni Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880. Umbali kutoka pini moja hadi nyingine tuuite hatua ya cheni. Pikipiki nyingi ndogo hutumia cheni ya 428: tarakimu ya 4 inasema kwamba hatua ni thumni nne za inchi, yaani milimita 12.7, na 28 inahusu upana wa ndani, unaokaribia milimita 8. Cheni ya 520 ina hatua ya milimita 15.9, kwa hiyo haiwezi kukaa kwenye meno ya sproketi ya 428 hata ingekuwa bora namna gani.

Neno jingine linalotumiwa ovyo ni "kuboresha". Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na injini ya kabureta hupungukiwa nguvu. Ongeza magunia ya viazi na mlima wa udongo mwekundu, utaelewa kwa nini wengine huomba sproketi ya mbele ipunguzwe jino moja. Tuseme pikipiki ina meno 14 mbele na 42 nyuma: uwiano ni 3. Ukiweka 13 mbele, uwiano hupanda hadi 3.23. Gurudumu linapata msukumo zaidi mlimani, lakini kwa kasi ile ile injini inazunguka karibu asilimia 8 zaidi, na kwenye barabara ya lami ya kwenda Karatina utalipia hilo kwa kelele na petroli. Hapo hakuna kilichoboreshwa; kilichofanyika ni kubadili uwiano, na fundi mwaminifu angeliita hivyo.

Kuboresha ni kuongeza uimara. Mfano mzuri ni cheni ya ringi, ambayo kila kiungo chake kina vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani na kuzuia matope. Kwa mvua za Machi hadi Mei katika nchi hii ya mlimani, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini cheni hiyo ni pana zaidi, nayo inaweza kukwaruza kava, kwa hiyo nafasi ipimwe kwanza. Sproketi za alumini, kwa upande mwingine, ni nyepesi na zinapendeza macho, ila huisha upesi kuliko za chuma kilichoimarishwa kwa moto. Zinamfaa wa mashindano. Mbeba mizigo hazimfai, na muuzaji anayemwambia ni bora anamwibia.

Cheni mpya ikiwekwa juu ya meno yaliyokwisha kupinda kama ndoana, huliwa haraka, ndiyo maana cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja. Risiti ya seti hiyo iandikwe chapa, namba ya cheni, idadi ya viungo, meno ya mbele na ya nyuma, na neno moja kati ya mawili: asili au mbadala.