Sekunde 80 za Wembley

Tarehe 23 Aprili 1924, Mfalme George wa Tano alisimama katika uwanja mpya wa Wembley akafungua Maonyesho ya Dola ya Uingereza. Hotuba yake ilirushwa redioni, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mfalme wa nchi hii kusikika hewani. Lakini sisi tunataka kuanza na jambo dogo kuliko hotuba. Siku hiyo hiyo ilitumwa telegramu iliyozunguka dunia nzima kwa nyaya na kurudi Wembley ndani ya sekunde 80. Kijana wa posta akamkabidhi mfalme karatasi. Ilisema nini? Kwamba mfalme amefungua maonyesho.

Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulicheka. Ujumbe ulizunguka dunia, ukamrudia aliyeutuma akiwa bado amesimama pale pale, ukamwambia jambo analolijua. Haukumtafuta msomaji yeyote. Kilichoshangiliwa ni kasi yake.

Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na sehemu zao katika maonyesho yale, bidhaa zao zikitazamwa na mamilioni ya wageni. Wakati huo huo, huko Dar es Salaam, gazeti la Mambo Leo lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, maana lilianza 1923. Lilitoka mara moja kwa mwezi. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, kwa hiyo nakala moja ilikuwa na masikio mengi. Siku hizi husemwa kwamba intaneti imetuharibia umakini, kana kwamba umakini ni taa iliyomo kichwani na mtu amekuja kuizima. Tukiitazama historia, tunaona kwamba umakini ulikaa pia nje ya kichwa: katika bei ya stempu, katika karatasi moja inayogombewa na watu wanane, katika kiti cha msomaji na mkeka wa wasikilizaji.

Wembley inatufaa kwa uchunguzi huu kwa sababu Afrika Mashariki ilihamia hapa. Wahindi wengi wa Kenya walianza kuja Uingereza kwa wingi miaka ya 1960, hata Bunge likapitisha haraka sheria ya kuwazuia mwaka 1968. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na takriban watu 28,000 wakaingia Uingereza. Wengi wa watu hawa walikuja kukaa katika mitaa ya Brent, Wembley ikiwemo. Ukipita Ealing Road leo utaona chakula kinachoitwa mogo. Ni muhogo wetu, umepoteza silabi moja njiani.

Huko Ealing Road tulimkuta mama mmoja aliyeletwa kutoka Kampala akiwa binti mdogo. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kusita, kisha akatukaribisha viti. Tulimwuliza walipataje habari za ndugu waliobaki Afrika. Akatueleza kuhusu zile karatasi nyepesi za buluu za posta ya ndege, ambazo ukizikunja zinakuwa bahasha zenyewe.

“Wanangu, barua haikuwa ya mtu mmoja,” alisema.

Baba yake aliisoma baada ya chakula cha usiku, wote wakiwa wamekaa. Bibi aliagiza irudiwe, hasa pale palipotajwa jina la mtu. Siku ya pili alikuja jirani, nayo ikasomwa tena. Kujibu kulichukua wiki nzima, maana karatasi ilikuwa moja na kila mtu alitaka sehemu yake. Watu waliyapanga maneno kichwani kabla ya kushika kalamu, na waliochelewa waliandika pembeni, kwa wima, mpaka karatasi ikajaa. Hapo tulimkumbuka Shaaban Robert, ambaye barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 zilichapishwa kitabu. Sijui nani atakuja kuchapisha ujumbe wetu wa simu, wenye “poa” na vikaragosi vitatu.

Lakini mama yule hakuturuhusu tuisifu mno zamani. Shangazi yake alifariki, na barua ya msiba ikafika wiki kadhaa baada ya mazishi. Jioni ile ile walikuwa wamecheka na kuimba. “Leo ningejua saa ile ile,” alisema. “Msije mkaandika kwamba ilikuwa tamu.” Tumetii.

Umakini wa watu hawa haukuishia kwenye barua. Agosti 1976 wafanyakazi wa kiwanda cha Grunwick, cha kusafisha picha, huko Willesden katika Brent hii hii, walianza mgomo. Wengi wao walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Jayaben Desai, alikuwa ameishi Tanganyika. Filamu za wateja zilikuja kiwandani kwa posta, na wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walipokataa kuzishughulikia barua za kiwanda, mgomo ukawa na nguvu ambayo hakuna aliyeitegemea. Mgomo ulikwisha mwaka 1978 bila madai kutimizwa. Tunaloliwaza sisi ni muda: karibu miaka miwili ya kusimama langoni, wakitazamana uso kwa uso na wapita njia, mvua na baridi. Leo tungetia saini ya mtandaoni ndani ya basi, tukashuka kituo kinachofuata tukiwa tumeshasahau.

Mwaka 2011 halmashauri ya Brent ilifunga maktaba 6 kati ya 12 ili kupunguza matumizi. Barham Park, Preston na Tokyngton, zote za pande za Wembley, zilikuwemo. Wakazi walikwenda mahakamani wakashindwa, na wengine wakaendesha maktaba za kujitolea. Juni 2013 ikafunguliwa maktaba mpya ndani ya Civic Centre, karibu na uwanja. Ni nzuri, na tulipokwenda ilijaa watu hata tukatafuta viti kwa shida. Karibu kila msomaji alikuwa na kompyuta mbele yake na vidude masikioni.

Tulijipima. Sita kati yetu tulikubaliana kusoma sura moja ya riwaya ya Kiswahili, simu zikiwa mezani. Hakuna aliyemaliza kurasa kumi bila kuigusa simu yake. Mmoja alifungua simu kutafuta maana ya neno, akarudi baada ya dakika ishirini na matokeo ya Simba na Yanga. Neno hakulipata.

Hatuko peke yetu. Mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima muda ambao watu hukaa na jambo moja kwenye skrini kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika miaka ya karibuni ni sekunde 47 hivi. Telegramu ya mfalme ingekuwa bado njiani, nasi tumeshaondoka.

Hata hivyo, baadhi yetu tumejifunza Kiswahili kwa intaneti hiyo hiyo, na magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi tunayasoma siku ile ile yanapotoka. Mama wa Ealing Road huwaona wajukuu wake kwenye simu kila Jumapili.

Agosti 2013, miezi miwili baada ya maktaba mpya kufunguliwa, WhatsApp ilianza kupokea ujumbe wa sauti. Sauti ya nyumbani ikarudi, na salamu ndefu zikarudi nayo. Mwaka 2021 ikaja nafasi ya kuuharakisha ujumbe huo, hata mara mbili ya mwendo wake. Tulipokuwa tukijadili makala haya, mwenzetu mmoja alikiri kwamba humsikiliza mama yake, aliyeko Tanga, kwa mwendo huo wa mara mbili. Mama huanza na salamu za kila jirani, na yeye huwa anawahi kipindi.

Tukamwomba atusikilizishe ujumbe wa mwisho kwa mwendo wake wa kawaida, simu ikiwa katikati ya meza na sisi tumeizunguka. Ulikuwa wa dakika nne. Jogoo aliwika, mtu alipita akapiga hodi, salamu zikaendelea. Dakika ya tatu, kati ya habari za jirani na bei ya mchele, mama alisema mguu umevimba tangu juma lililopita ila asiwe na wasiwasi. Mwenzetu hakuwa amelisikia hilo. Alichukua simu akatoka nje.